Mjapani wa Chanji

Kwenye chumba cha gemu cha Nsajigwa hakuna mtu aliyeruhusiwa kuingia na viatu. Sajenti Gaudiosa aliingia navyo.

"Afande, viatu," alisema Nsajigwa.

"Vimeshaingia," alijibu Gaudiosa, akaendelea kukagua rafu.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mwezi wa sita, na baridi ya Sumbawanga ilikuwa ile inayomfanya mtu aongee huku mikono iko kwapani. Rafu zilikuwa tatu, za mbao za mninga zilizopigwa vanishi, na kila mashine ya gemu ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma cha kukalia. Mashine za kanda, mashine za diski, nyingine zimemzidi umri mke wa mwenye nyumba. Nsajigwa alikuja hapa kutoka Mbeya kuuza bati na saruji, na kwa miaka kumi na miwili alizikusanya moja moja: kwa wamisionari waliokuwa wanarudi kwao, kwa walimu wastaafu, kwenye vibanda vya gemu vilivyokufa kuanzia Tunduma mpaka Kabwe ziwani. Zilikuwa kumi na nane. Sasa zilibaki saba, na vitambaa kumi na moja vilikuwa vitupu.

"Hebu nieleze tena," alisema Gaudiosa.

"Nimeeleza kituoni mara tatu! Jana Jumapili tumetoka kwenda kanisani saa moja na nusu. Tumerudi saa sita, kufuli limekatwa, mashine kumi na moja hazipo. Sakafuni pale kuna bisibisi ya Abel, imechomwa herufi yake kwenye mpini. Unatafuta nini kingine? Kesho asubuhi nataka kumwona kizimbani."

"Utamwona mwizi wako kizimbani. Usijali."

Gaudiosa alikuwa na hasira na hakuona sababu ya kuificha. Abel alikuwa fundi redio hapa hapa mtaani Chanji, mtu wa kibanda kimoja na meza moja. Jana vijana wa mtaa walimfikia kabla ya polisi, wakaushika mkono wake wa kulia na kuugonga kwa nyundo yake mwenyewe. Vidole vitatu vilivunjika. Gaudiosa ndiye aliyemjazia PF3 ya kwenda kutibiwa, na ndiye aliyemrudisha mahabusu akiwa na mkono mkubwa mweupe wa bandeji. Mkuu wake alimpa muda wa upelelezi mpaka saa kumi jioni ya leo. Baada ya hapo jalada lilikuwa linakwenda kwa mwendesha mashtaka, na fundi aliyekwisha kuitwa mwizi mahakamani hakuna mtu wa Chanji atakayemwachia redio tena, hata akishinda kesi.

Aliinama chini ya rafu ya mwisho akamulika kwa simu. Kwenye kona kulikuwa na punje za mahindi, sita au saba. Aliokota moja akainusa. Ilikuwa na unga mweupe, na harufu kali ya dawa ya kuzuia dumuzi, harufu aliyoijua tangu anaota meno, maana amezaliwa pembeni mwa kihenge.

"Na haya?"

"Mahindi, afande. Kuna nyumba ya Ufipa isiyo na mahindi?"

"Hii yetu," sauti ilijibu mlangoni. Alikuwa Asifiwe, mke wa Nsajigwa, na kikombe cha chai mkononi. "Sisi tunanunua unga wa kiroba. Mahindi tungeyaweka wapi, chumba chenyewe kimeliwa na gemu? Karibu chai, afande, baridi hii itakuua. Huyu bwana jana kaenda kanisani na sweta limetoboka, kwaya nzima inamshangaa. Na yeye na koti lake la kijivu hawaachanagi!"

Asifiwe alicheka. Mumewe hakucheka.

"Asifiwe, mwache afande afanye kazi."

Gaudiosa alikunywa chai yote, taratibu, akiwa amesimama na viatu vyake juu ya zulia. Kisha akazitia zile punje kwenye bahasha, akaandika tarehe na saa, akaondoka.

*

Kituoni, Abel alikaa upande wa pili wa meza na mkono wake wa bandeji ameuweka mbele yake.

"Bisibisi ni yako?"

"Yangu."

"Imefikaje kwenye chumba cha Nsajigwa?"

"Niliiacha Jumatatu ya Pasaka."

"Fundi anaacha bisibisi yake?"

"Fundi akifukuzwa anaacha, afande." Abel aliongea polepole, bila kuinua macho. "Bosi alikuwa na wageni, wakusanyaji wenzake wa gemu za zamani, wametoka Mbeya na Iringa. Alitaka kuwaonyesha Mjapani."

"Mjapani ni nani?"

"Mashine. Nyeupe, pembeni nyekundu, ya kanda. Bosi anasema ni toleo la kwanza kabisa, la mwaka themanini na tatu, na kwamba daktari mmoja wa misheni alitoka nayo Japani kwa mkono wake. Ndiyo fahari yake. Aliniita niifungue niisafishe mbele yao. Mimi nikasema ngoja niiwashe kwanza. Picha ikashika hapo hapo."

"Ubaya uko wapi?"

"Mjapani wa kweli hatoi picha kwenye TV zetu hizi mpaka umfungue umrekebishe. Masafa yao mengine, yetu mengine. Mgeni mmoja akaniuliza, fundi vipi, mbona umenyamaza? Nikamwambia, huyu siyo Mjapani. Huyu ni kopi, zile za mnadani."

"Ukasema hivyo mbele ya wageni."

"Niliulizwa, nikajibu." Aliinua bega moja. "Wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akajimwagia chai. Bosi akaniambia toka. Hata skrubu moja sikuwa nimegusa."

Gaudiosa alifungua daftari lake kwenye orodha ya mashine kumi na nane, zilizoibwa na zilizobaki. Hakumwonyesha.

"Abel, tuseme wewe ndiye mwizi."

"Afande, mimi si..."

"Tuseme tu. Uko ndani ya kile chumba, una magunia na una dakika kumi. Unaanza na ipi?"

Kwa mara ya kwanza tangu jana, uso wa Abel ukawa wa mtu anayejua kazi yake.

"Ile nyeusi ya Kimarekani yenye ubao mbele. Hiyo ya kwanza. Halafu ya kijivu ya rafu ya kati, nimeibadilisha kepasita mwenyewe, inawaka vizuri kuliko ilivyotoka kiwandani. Halafu ile ndogo ya mkononi, ya kijani, haina hata mkwaruzo."

Gaudiosa alishusha kidole kwenye orodha. Nyeusi yenye ubao ilikuwa imebaki. Ya kijivu ilikuwa imebaki. Ya kijani ya mkononi ilikuwa imebaki.

"Na Mjapani? Ungembeba?"

"Wa nini?"

Kwenye upande wa zilizoibwa, mstari wa kwanza, kwa mwandiko wa Nsajigwa mwenyewe, ulisomeka: *Mjapani, 1983*. Gaudiosa alifunga daftari. Mtu aliyebeba zile mashine aliziacha zilizo nzuri akabeba kopi, na Sumbawanga nzima Gaudiosa alimjua mtu mmoja tu aliyekuwa bado anaamini kwamba ile siyo kopi.

Lakini kuamini siyo kosa la jinai, na hakimu angetaka kuziona mashine zenyewe.

*

Luciana alikuwa anakaanga chapati ng'ambo ya barabara, akitazamana na geti la Nsajigwa. Alikuwa mtu wa kuona mambo, na kwa kawaida ungemlipa anyamaze.

"Jana asubuhi uliona nani akiingia pale?"

"Jana sikuwepo, nilikuwa misa ya pili."

"Juzi je?"

"Juzi Jumamosi nilikuwepo. Sikuona mtu akiingia. Niliona magunia yakitoka." Aligeuza chapati. "Magunia manne, afande. Nikajiuliza, bosi wa saruji ameanza kuuza mahindi lini? Yakapakiwa kwenye Fuso la Obed, lile linalopeleka mahindi Laela."

"Jumamosi? Una hakika?"

"Mimi Jumapili siuzi chapati, nitachanganyaje siku?"

Gaudiosa aliandika. Mwizi alikuwa amevunja Jumapili, na mzigo ulikuwa umetoka Jumamosi.

"Jana Abel alipokamatwa ulikuwepo?"

Luciana alipunguza moto. Sauti yake ikashuka.

"Nilikuwa nimesharudi. Wale watoto walikuwa wanampiga hovyo tu, mgongoni, makofi. Bosi ndiye aliyefika akasema, mkono, pigeni mkono, wa kulia. Nilimsikia kwa masikio yangu."

"Utaandika maelezo?"

"Nitaandika. Ngoja nimalize hizi."

Gaudiosa alirudi kwenye gari la kituo na kukaa kidogo bila kuliwasha. Mpaka hapo alikuwa anatafuta mashine. Kuanzia hapo alikuwa anamtaka mtu, na alimtaka vibaya sana.

Alimpigia Obed. Dereva alikuwa Laela bado, anashusha.

"Ya bosi Nsajigwa? Nimeyaacha kwa Mboje, kwenye ghala. Bosi alisema yasifunguliwe, atayafuata mwenyewe wiki ijayo. Ila afande, nilishangaa. Magunia yamejaa, lakini mepesi kama ya pumba."

"Wewe hukuuliza?"

"Mimi nauliza njia tu."

*

Mboje alikuwa Msukuma mnene aliyenunua mahindi Laela kwa miaka ishirini, na alimpokea Gaudiosa kwa furaha ya mtu ambaye haki yake imefika na gari.

"Umekuja kumkamata? Mkamate! Ameniletea mawe!"

"Mawe gani?"

Mboje alichomoa bambo kiunoni, kile chuma chenye ncha na mfereji, ambacho wanunuzi hukichoma ubavuni mwa gunia kikarudi na punje za katikati, wajue kama ndani kuna mahindi mabovu au mchanga. Laela yote hakuna gunia linalovuka mlango bila kuchomwa.

"Dereva ananiambia, haya usiyaguse, ya bosi wa mjini, yanalala tu. Nikamwambia, kwangu hata gunia la askofu litachomwa. La kwanza nimechoma, sawa, mahindi. La pili, mahindi. La tatu, pap! limegoma. Nimesukuma kwa nguvu zangu zote, limetoboa kitu, nikavuta. Ona lilichotoka nacho."

Kwenye kiganja chake kulikuwa na kipande kidogo cha plastiki nyeupe, kimejikunja.

"Mtu anajaza mawe apate uzito, na mimi ananiona mjinga. Nimeyatenga pembeni, namngoja. Angekuja leo, mbona angeyala!"

Magunia manne yalisimama peke yake kwenye kona. Gaudiosa hakuhitaji kuonyeshwa. Kila gunia ndani ya ghala lile lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa katani, mishono mirefu ya shazia, ile sindano nene ya magunia, masikio mawili juu kwa ajili ya kushikia. Haya manne yalikuwa yameshonwa kwa kamba ya nailoni ya kijani, ile ambayo mafundi waashi huivuta wapate usawa wa ukuta. Mfipa wa miaka saba asingeshona gunia namna ile. Lakini mtu wa duka la vifaa vya ujenzi, asiyejua gunia linafungwaje, huchukua kamba iliyo karibu na mkono wake.

Alimwita mwenyekiti wa mtaa awe shahidi, akapiga picha mishono ilivyo, akakata kamba moja baada ya nyingine na kuzitia kwenye bahasha. Chini na juu ya kila gunia kulikuwa na mahindi yenye dawa nyeupe. Katikati, mashine. Kumi zilikuwa zimefungwa kwa karatasi za mifuko ya saruji, ovyo ovyo, waya zikining'inia. Ya kumi na moja ilikuwa kwenye gunia la tatu, na haikufungwa kwa karatasi. Ilikuwa imefungwa ndani ya koti la suti la kijivu, mikono ya koti imezungushwa mara mbili na kufungwa kifuani kama mtoto anayebebwa.

Bambo la Mboje lilikuwa limepita kwenye koti, likaingia ubavuni mwa Mjapani.

"Kumbe siyo mawe," alisema Mboje, na alionekana amevunjika moyo.

*

Saa tisa na nusu Nsajigwa aliingia kituoni bila kuitwa, kuulizia jalada. Alikuwa amevaa lile sweta. Alipofungua mlango wa chumba cha upelelezi alikuta mashine kumi na moja zimepangwa mezani kwa mstari, na koti lake limekunjwa vizuri mwishoni.

"Karibu," alisema Gaudiosa. "Acha mlango wazi, kuna joto humu."

Hakukuwa na joto lolote. Kwenye benchi la nje, hatua tatu kutoka mlangoni, Luciana alikuwa anasubiri kusaini maelezo yake.

Nsajigwa alitazama koti. "Wameliiba pamoja na..."

"Jumamosi? Au Jumapili? Fikiri kwanza. Jirani amenipa siku, na Obed ametaja aliyeagiza magunia yasifunguliwe. Kamba ya kijani iko dukani kwako, robota nzima, nimetoka kuiona sasa hivi. Mkeo anasema mahindi hamnunui. Kaa."

Nsajigwa akakaa. Gaudiosa alimsomea haki zake mpaka mwisho, bila kuruka neno.

"Swali moja tu," aliendelea. "Gemu si zako? Ungeweza kuzificha, kuzichoma, kuzitupa ziwani, hakuna wa kukuuliza. Kwa nini Abel?"

Nsajigwa aliutazama mstari wa mashine. Alipoanza kuongea hakuacha, na Gaudiosa aliandika kila neno. Alisema watu walikuja kutoka Iringa kumheshimu, wakaondoka wanamcheka. Alisema kwenye kundi lao la simu mpaka leo wakimsalimia wanamuuliza hali ya Mjapani. Alisema fundi wa kibanda, mtu anayepuliza vumbi kwenye redio za watu, alimvunjia heshima ndani ya nyumba yake, na bisibisi yake ilikaa sakafuni ikimkumbusha kila siku.

"Kwa hiyo ukasema wapige mkono."

"Nilitaka asishike tena bisibisi maishani mwake. Ndiyo. Andika."

"Nimeandika."

Alimsogezea maelezo. Nsajigwa aliyasaini kurasa zote tatu kwa haraka, kama mtu anayemaliza kazi aliyoifanya vizuri. Gaudiosa alimtazama akisaini na akajua kwamba jela peke yake haitamtosha mtu huyu. Aliagiza mlango wa mahabusu ufunguliwe, na Abel akaletwa, huru, kamba za viatu vyake mkononi.

"Fundi, kaa hapa. Imebaki orodha ya vielelezo, na mimi vitu hivi sivijui kuvitaja. Nisaidie."

Abel alitaja moja baada ya nyingine, Gaudiosa akaandika. Walipofika ya mwisho, Abel aliisogeza pembeni.

"Hii siwezi kuitaja bila kuifungua, afande. Siku ile sikuifungua. Nilisema kwa kuona picha tu."

"Bisibisi yako ile pale kwenye mfuko ni kielelezo. Tumia yangu."

Alifungua kwa mkono wa kushoto, taratibu, skrubu ikimponyoka naye akiirudia. Hakuna aliyemsaidia, naye hakuomba. Nsajigwa alitazama mkono ule wa kushoto mwanzo mpaka mwisho. Mfuniko ulipotoka, ndani ya lile ganda kubwa jeupe kulikuwa na kibao kidogo cha saketi, cha ukubwa wa kadi ya kliniki, na katikati yake tone moja jeusi la gundi iliyokauka. Basi. Kwingine kote kulikuwa kutupu, na kipande cha chuma kilichogandishwa ili kuongeza uzito. Mboje hakuwa amekosea sana.

"Kumi na moja," Gaudiosa alisema kwa sauti ya kusikika mpaka benchi la nje, maana orodha husomwa. "Mashine moja ya gemu, nyeupe na nyekundu, bandia, imetobolewa ubavuni. Saini hapo, kwamba vyote ni vyako."

Kalamu ilipita mistari kumi. Kwenye wa kumi na moja ikasimama.

"Andika tu mashine nyeupe," alisema Nsajigwa. "Afande. Nakuomba. Hilo neno jingine litoe."

"Litoe? Nimuulize aliyeithibitisha. Fundi?"

"Liache," alisema Abel.

Nje, benchi lililia. Luciana alikuwa amesogea karibu zaidi na mlango. Kabla ya jua kuzama Chanji yote itakuwa inajua, na kesho Mbeya, na keshokutwa Iringa, na Nsajigwa alilijua hilo kuliko yeyote. Alishika kalamu hewani, akamgeukia Abel, na sauti yake ikatoka ndogo, ya mteja aliyefika kibandani na kitu chake kibovu.

"Hilo tundu... linazibika?"

Abel aliinama akaliangalia tundu kwa makini, kwa haki, kama angeliangalia la mtu mwingine yeyote.

"Linazibika, bosi. Ni kazi ya nusu saa." Aliuinua mkono wa bandeji akauweka mezani, karibu kabisa na mashine. "Kwa mtu mwenye vidole."

Nsajigwa akasaini.